Ndoo Mbili Nje ya Geti

Muuzaji wa duka lile alikuwa na ugonjwa mmoja: kuongea na mwanamume hata kama mteja ni mwanamke. Mbishi ndiye aliyeingia kwanza, Mbishi ndiye aliyeshika pochi, lakini maneno yote yalimruka yakatua kwa Shemeji aliyesimama nyuma yake.

"Bosi, kuosha magari bila mashine ya presha ni kujitesa tu," muuzaji alisema, akiipapasa mashine ya njano yenye magurudumu. "Hii ukiiwasha, mtaa mzima unajua hapa kuna biashara."

"Ninayenunua ni mimi," Mbishi alisema.

"Sawa, dada. Sasa bosi, hii ina mpira mrefu..."

Jina la Mbishi alipewa na baba yake akiwa bado anatambaa, siku alipokataa kulishwa mpaka apewe kijiko akishike mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyemwita kingine. Miaka mingi alikaa kwenye kaunta ya ofisi ya kusafirisha mizigo, akiwakaribisha watu wasiomtazama usoni, mpaka ofisi ikafungwa. Sasa alitaka kazi isiyo na bosi: kuosha magari na kuyang'arisha, nje na ndani, kwa mkono wake. Alichokosa ni mahali.

Mahali palikuwepo. Kando ya nyumba ya wazazi wake kulikuwa na banda la bati, tupu, lenye sakafu ya saruji na bomba la maji, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa suruali ya baba. Tatizo ni kwamba Shemeji, mume wa dada yake, alilitaka banda hilo hilo ahifadhi mifuko yake ya saruji. Baba, dereva mstaafu asiyependa kusumbuliwa, alikata shauri mezani: Jumamosi Mbishi amuoshee gari lake. Likimridhisha kabla hajatoka saa nne kwenda kwenye mkutano wa madereva wenzake, banda ni la Mbishi. Lisipomridhisha, ni la Shemeji. Neno lake lilikuwa hilo, na baba hakuwa mtu wa kuligeuka.

Ndiyo maana ukamkuta Shemeji dukani. Alidai amekuja kumsaidia kuchagua. Msaada gani huo, wa mtu anayekuombea uanguke?

"Bomba la nyumbani linatoa maji kwa kubembelezwa," Mbishi alimwambia muuzaji. "Mashine hii ikikosa maji ya kutosha inakuwaje?"

Muuzaji akakohoa. "Pampu inaweza kuungua. Lakini dada, mambo hayo..."

"Na umeme ukikatika?"

"Basi inasubiri umeme urudi."

"Basi na mimi nisubiri nayo? Sitaki."

Shemeji akamtupia muuzaji jicho, kama kusema unaona ninachovumilia. Muuzaji hakukata tamaa. Alileta boksi linalong'aa lililoandikwa "Seti ya Wanaoanza," limejaa vichupa vidogo na sponji moja nyekundu, akaanza kumpaka Mbishi mafuta kwa mgongo wa chupa: dada una macho ya kazi, dada hii ndiyo yako. Mbishi aliibonyeza sponji. Ilikuwa ngumu. Mchanga ukinasa kwenye tundu zake utabaki humo, na kila ukisugua unachora rangi ya gari la watu. Akamrudishia boksi lake.

Alichagua kimoja kimoja, bila haraka, na foleni nyuma yake ikaguna mpaka ikachoka. Alichukua glavu ya manyoya laini ya kusugulia na taulo nene za kukaushia. Brashi moja ilikuwa ya rimu, nyingine, laini zaidi, ya dashibodi. Akaongeza shampuu ya gari, kopo la nta ya kung'arishia rangi, na chupa kubwa ya kupulizia maji, ile ya kusukuma kwa mkono.

"Hiyo si ya kunyunyizia maua?" Shemeji alicheka.

"Ndiyo."

"Na ndoo mbili za nini? Una mikono minne?"

"Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu. Mchanga ubaki huku, usirudi kwenye gari."

"Umeyasoma wapi hayo?"

"Kwenye simu."

"Kwenye simu!" Shemeji aliwageukia watu wa foleni awagawie kicheko, na wengine wakapokea. Mbishi alilipa, akazichomeka ndoo moja ndani ya nyingine, akatoka. Masikio yalikuwa yanamwaka moto, lakini aliyekuwa nyuma yake hakuweza kuliona hilo.

Jumamosi alianza mapema. Gari la baba lilikuwa la bluu iliyoiva, rangi isiyoficha kitu. Alilipulizia maji, akaliosha kuanzia paa kushuka chini, rimu akaziacha mwisho, akakausha kwa taulo bila kusugua. Lilipendeza. Angeishia pale, banda lingekuwa lake na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Mbishi alitaka baba ashangae. Akafungua kopo la nta.

Alipaka gari zima. Boneti, milango, paa, mpaka buti, ndipo akageuka aanze kufuta. Na jua nalo halikuwa limemsubiri. Nta ilikuwa imekauka ikagandamana, na gari la baba lilionekana kama limemwagiwa sufuria ya uji. Alisugua. Taulo ikateleza juu juu. Alisugua tena mpaka bega likalia.

Jirani yao, nesi, alikuwa ameegemea ukuta wa uani kwake akitazama. "Wewe, umeliogesha gari au umelipikia?" alisema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Saa nne baba akatoka, shati limepigwa pasi. Alilizunguka gari lake mara moja.

"Nini hii?"

"Nta, baba. Imekauka. Nipe muda kidogo."

"Muda ulikuwa mpaka sasa hivi." Alisema taratibu, na hilo ndilo lililouma, maana angefoka Mbishi angejua la kujibu. Baba akaufungua ufunguo kwenye mkanda, akampa Shemeji, akaenda mkutanoni kwa miguu, mtu ambaye hajawahi kuonekana mtaani akitembea.

"Pole, shem," Shemeji alisema, na uso wake haukuwa na pole hata ya dawa.

Mbishi alitaka kulia. Tuseme ukweli, machozi yalifika kabisa. Lakini kulia mbele ya Shemeji lilikuwa jambo ambalo hakuwa tayari kulifanya katika maisha yake.

"Jikaze kisabuni, mwanangu," mama yake alisema kutoka mlangoni. "Unataka nini?"

"Nisaidie kusukuma gari kivulini."

Wakasukuma, mama na binti, mpaka chini ya ukuta. Mbishi akalisoma upya kopo la nta, safari hii hadi yale maandishi ya chini ambayo mtu mwenye haraka hayafikii: usipake juani, paka sehemu ndogo ndogo. Akajitukana kwa sauti. Kisha akajaribu kitu. Alipaka nta mbichi kidogo juu ya ile iliyoganda, kwenye kipande kisichozidi kiganja. Iliyoganda ikalegea. Akafuta haraka, na bluu ikatokea, safi.

Basi akaenda hivyo, kiganja kwa kiganja, gari zima. Shemeji alipoanza kuingiza mifuko bandani, vumbi likapaa.

"Shem, vumbi lako lisivuke huku!"

"Banda ni langu."

"Gari si lako. Mwaga maji hapo chini."

Shemeji akamwaga maji.

Baba aliporudi mchana, viatu vimejaa vumbi, alisimama mbele ya mlango wa gari akajiona mzima mzima, hadi vifungo vya shati. Alilizunguka mara mbili. Akapitisha kidole juu ya boneti.

"Limependeza," akasema.

"Limependeza, mzee, nani anakataa?" Shemeji alidakia. "Ila makubaliano yalikuwa saa nne."

Baba akaondoa kidole kwenye boneti. "Ni kweli. Nilisema saa nne. Siwezi kugeuka."

"Sijakuomba ugeuke," Mbishi alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilikosea, nikarekebisha. Banda mpe umtakaye. Kazi hukunipa wewe, huwezi kuichukua."

Akajaza ndoo zake, akatupia taulo begani, akaelekea getini.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

Kati ya ukuta na barabara palikuwa na kipande cha ardhi chenye kivuli, si cha baba wala cha Shemeji. Mashine ya njano isingefanya lolote pale, pasipo bomba wala soketi. Mbishi aliweka ndoo mbili chini, akaisukuma chupa yake mpaka ikajaa upepo, akasimama akiwatazama wapita njia usoni, mmoja mmoja.

Nesi akatoka na gari lake la kijivu, lenye matope mpaka madirishani. Akapunguza mwendo.

"Ule uji wako umetoka?"

"Umetoka wote."

"Na ukigandia kwenye langu?"

"Nitautoa. Sasa najua unavyotoka. Uliza huko kwingine kama wanajua."

Nesi akamtazama, akacheka tena, kicheko tofauti na cha asubuhi, akaegesha.

Mbishi alikuwa amefika kwenye paa aliposikia geti likifunguliwa nyuma yake. Gari la bluu lilitoka kinyumenyume, taratibu, likasimama kando ya ukuta. Baba akashusha kioo.

"Ndani hukusafisha," akasema.

Mbishi hakuondoa mkono kwenye kazi. "Subiri zamu yako, baba. Nesi amekutangulia."

Baba akazima injini, akasubiri.