Mshika Taa wa Upande wa Kushoto

Tarehe nane Mei, Siku ya Wazazi, Seoul iliamka na vumbi la njano la kutoka jangwani, na jua likaonekana hafifu kama taa iliyochoka. Mama Tae-gyeom alirudi kutoka sala ya alfajiri amefunika pua na mdomo. Kanisani alikuwa ameomba jambo moja tu.

Saa kumi na moja jioni alikuwa saluni kwa Sun-rye, kichwa kimejaa rola, dawa ya kutia nywele mawimbi ikimwasha. Televisheni ilionyesha tuzo za filamu moja kwa moja. Bong-im muuza samaki alikuwa amekaa karibu naye, akimenya kiazi kitamu.

"Huyo kavaa pazia la sebuleni kwao," alisema Bong-im.

"Ungelipata wewe ungelala nalo," alijibu Sun-rye. "Mimi raha yangu ni majina wanayoyataja wakishukuru. Mtu kakunja waya sakafuni miaka kumi, halafu siku moja nchi nzima inasikia anavyoitwa."

Kamera ikainuka. Juu kwenye vyuma vya taa, upande wa kushoto, Tae-gyeom alikuwa amekaa na taa yake.

"Yule pale," alisema Bong-im. "Kakonda."

"Na koti ni lile lile," alisema Sun-rye.

Tae-gyeom alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wakipiga filamu, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la taa saa ya ishirini na sita ya kazi, bila kulala. Gari la wagonjwa lilimchukua, taa nyingine ikawashwa, kazi ikaendelea. Na katika kazi ile hakuna anayeondoka kabla mwongozaji hajasema, "Poleni kwa kazi." Siku ile neno hilo lilisemwa baada ya yeye kuondolewa, hakulisikia. Kwa hiyo alikuwa bado zamuni. Mama yake alikwisha kumwambia pole mara nyingi, mbele ya skrini na kaburini, lakini mama si mwongozaji.

Mwongozaji wa filamu ile, Ma Yeong-cheol, alikuwa akiwania tuzo kubwa jioni hiyo.

Kengele ya saa ya dawa ikalia.

"Dada, twende tukasuuze," alisema Sun-rye. "Itakuunguza."

"Ngoja."

"Nywele zitakatika."

"Zikatike."

Bahasha ikafunguliwa. Jina likatajwa: Ma Yeong-cheol. Ukumbi ukasimama. Mwanga wa Tae-gyeom ukamfuata mwongozaji ngazi kwa ngazi, asije akajikwaa. Bong-im akaacha kutafuna.

Mwongozaji alimshukuru Mungu. Alimshukuru mkewe, wenye kampuni, waigizaji, na mwenye saluni aliyemtengeneza nywele.

"Hata wa nywele," alisema Sun-rye, akashika bega la Mama Tae-gyeom.

Kisha mwongozaji akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu kushoto. Alitazama kwa muda mrefu. Tae-gyeom akainama kidogo, kama mfanyakazi anavyoinama kwa mkubwa wake, na taa haikutikisika. Mama Tae-gyeom aliushika mkono wa kiti. Matone ya dawa yalimtiririka mpaka shingoni, wala hakuyafuta.

"Sema," alinong'ona. "Maneno matatu tu."

"Na ninyi mlio nyuma ya kamera," alisema mwongozaji, "mnajijua wenyewe."

Muziki ukaanza kumfukuza jukwaani. Mwanga ukamsindikiza mpaka ngazi ya mwisho.

"Sasa tusuuze, dada," alisema Sun-rye taratibu.

"Bado wanamhoji."

Nyuma ya jukwaa mtangazaji alimsogezea mwongozaji kipaza sauti, akauliza yule kijana wa juu ni nani, maana watazamaji wengi walikuwa wamepiga simu kuulizia.

"Ni kijana wetu wa taa," alisema Ma Yeong-cheol. "Alifariki kwenye filamu hii hii. Hajawahi kuchelewa, hali chakula, halalamiki. Siku hizi huwapati vijana wa namna hiyo."

Waliomzunguka wakapiga makofi. Fungu la kwanza la nywele likadondoka kwenye taulo la Mama Tae-gyeom pamoja na rola yake.

"Na mama yake, kama ananitazama, asiwe na wasiwasi," aliendelea mwongozaji, akinyanyua tuzo juu. "Naahidi mbele yenu nyote: Jumatatu tunaanza filamu mpya, na taa zote atashika yeye."