Ndege Iliyolala Ubavu

Bisibisi hakuwahi kuvumilia kitu kilichopinda. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa atakuwa ameshanyoosha kalenda ukutani, na ukimpa mgongo kidogo tu, pazia nalo litakuwa limeshapata lake. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Alikuwa fundi wa mashine za michezo, zile za kusimama nazo ana kwa ana, zenye kijiti na vitufe, na katika kazi hiyo picha iliyokaa vibaya ni aibu ya fundi.

Mashine zenyewe zilikuwa zimekwisha. Ukumbi ambao yeye na kaka yake waliuendesha tangu ujana ulishageuzwa duka la magodoro, na kaka mwenyewe alikuwa amelala nyumbani kwake, chumba cha nyuma, kiharusi kimemnyang'anya upande wote wa kushoto. Mgongo ulikuwa na vidonda, kwa hiyo alilazwa ubavu wa kulia kutwa kucha, shavu kwenye mto. Mkono wa kulia ulikuwa bado wake. Macho nayo yalikuwa yanamponyoka. Daktari hakuficha: yatazimika, tena hivi karibuni, na hakuna cha kufanya.

Kaka hakulia. Alisema tu, "Mdogo wangu, nataka kuiona ile ndege tena. Basi."

Ndege gani, Bisibisi hakuuliza. Ulikuwa mchezo wa kioo cha kusimama, kirefu kwenda juu: ndege ndogo ya bluu huanzia chini na kupaa, na maadui humiminika kutoka juu. Kaka alikuwa mfalme wake. Watu walitoroka kazini kuja kumtazama akicheza, na ni kwenye mashine hiyo hiyo alipomfundisha mdogo wake kufungua skrubu bila kuiharibu.

Bodi ya mchezo, ule ubongo wa mashine, alikuwa nayo, ameitunza ndani ya shuka miaka yote. Kioo ndicho kilichomtoa jasho. Vile bapa vya kisasa bodi ilivikataa katakata, na vya zamani vyenye chogo watu walishavitupa. Alizunguka kwa mafundi wenzake hadi akachoka kuchekwa, mwishowe akapata kimoja, kimefungwa kwa kulala ndani ya kasha la mbao, upana wake ukizidi kimo chake. Aliyempa alimwambia asijisumbue kutafuta kingine, hakipo.

Kwa hiyo alikuwa na mchezo wa kusimama na kioo cha kulala. Kwanza aliazima kompyuta iibane picha, isimame katikati. Ikasimama wima kabisa, lakini nyembamba kama utepe, giza kulia, giza kushoto. Kaka alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka.

"Naona mwanga tu," alisema.

Bisibisi akang'oa kompyuta, akaunganisha bodi moja kwa moja, kasha likiwa kando ya kitanda mbele ya uso wa kaka. Picha ikajaa kioo kizima, rangi zikawaka. Ila ilikuwa imelala ubavu. Sehemu ya juu ya mchezo ilikuwa upande wa mto, ya chini upande wa miguu, na ndege ilikwenda pembeni kama kaa. Bisibisi aliyekuwa amesimama pale aliona haya hadi masikio yakamchoma.

Kaka alikuwa anatabasamu kwa ile nusu ya uso iliyoweza. Kidole gumba kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe alichowekewa juu ya godoro.

"Iache hapo hapo."

"Bado, kaka. Imelala."

"Iache. Iko sawa."

Bisibisi alimjua kaka yake. Huyu ndiye aliyekuwa akisema ameshiba ili mdogo wake amalize sahani, aliyesema hasikii baridi ili mdogo wake avae koti. Akaona ni yale yale: mtu anaridhika na nusu ili asisumbue. Safari hii, akaapa moyoni, atapewa kitu kizima.

Shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa mlangoni akikunja nguo. "Shemeji, mwenye macho yake kasema iko sawa."

"Shemeji, niachie kazi yangu jamani. Ningemwachia mteja picha imelala hivi, ningekula wapi?"

"Huyu si mteja," shemeji alisema, lakini Bisibisi alikuwa ameshafungua skrubu ya kwanza.

Umeme hakuuzima. Vioo vya chogo ukivigeuza rangi huchafuka, na yeye alitaka kuziona zikichafuka ili azirekebishe papo hapo, kama alivyofanya ukumbini mara nyingi. Akakikumbatia kioo, akakitoa kwenye kasha, akakigeuza taratibu kifuani. Kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka, au mikono ilikuwa imezeeka bila kumwambia. Chogo likapita karibu na chuma cha kitanda, na ile shingo nyembamba ya nyuma ikagonga.

Haikulia sana. Ulisikika mfyonzo mdogo wa hewa ikiingia, picha ikasinyaa, kioo kikawa cheusi. Bisibisi alibaki amekikumbatia. Shingo ya kioo haiungwi. Alilijua hilo kuliko jina lake.

"Mimi nilikuwa naiona imesimama," kaka alisema. Hakukuwa na lawama ndani ya sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Juu ilikuwa juu, mdogo wangu."

Bisibisi hakuelewa. Kisha akalitazama lile shavu kwenye mto, akaelewa. Akakilaza kioo sakafuni, akapiga magoti, akaweka shavu lake pembeni ya shavu la kaka. Kutoka pale, mlango ulikuwa umelala. Shemeji alikuwa amelala na nguo zake mkononi. Kalenda ukutani, aliyoinyoosha mwenyewe alipoingia, ilikuwa imelala. Kila kitu humu ndani kilimjia kaka kimelala, kila siku ya Mungu, na kimoja tu ndicho kilichokuja kimesimama.

"Nisamehe, kaka," alisema, na akalia bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi.

Bodi ilikuwa bado hai. Spika ndogo iliendelea kupiga milio ya maadui wakishuka, na kidole gumba cha kaka kiliendelea kubonyeza, kikifuata sauti, mbele ya kitu kisichokuwepo. Aliangusha wawili, labda watatu. Halafu ukapigwa ule wimbo mfupi wa ndege kuanguka, ambao wote wawili waliujua kwa moyo.

Kidole kikaachia kitufe.

"Basi," kaka alisema, akafumba macho.