Mtu Aliyekwisha Kuliliwa

Kisangani ya mwaka sabini na nane ilijaa watu waliobadilishwa majina kwa amri ya serikali, lakini Yakubu, fundi wa cherehani, alikuwa akitafuta jina moja tu la zamani: Asumani, babu yake mzaa mama. Mama yake, Fatouma, alikuwa kitandani wiki ya sita, moyo umechoka, miguu imevimba. Ombi lake lilikuwa moja. Aonyeshwe alipozikwa baba yake, apelekwe hata kwa kubebwa, aseme naye kabla hajafa.

Ombi gani hilo! Ukoo mzima ulijua Asumani hana kaburi. Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Alimpiga msimamizi wa Wazungu kwa kasia, akatupwa jela, na mwaka wa thelathini na moja mtumbwi wa wafungwa ukapinduka kwenye mto Aruwimi, huko Banalia. Ikaletwa habari kwamba hakupona hata mmoja. Wakakaa matanga bila maiti. Zaina, mkewe, akakaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, akaolewa upya. Kwa watu wa mtaa, mambo yakaishia hapo.

"Hakukufa mu maji," Fatouma alishikilia. "Tafuta mu bitabu ya Bazungu."

Alijuaje, hakusema, na Yakubu hakumbana. Nani ana moyo wa kumbana mgonjwa?

Karatasi zilizosalimika katika vita vya sitini na nne zilirundikwa kwenye chumba nyuma ya ofisi moja. Mtunzaji wake alikuwa na jina jipya la Kizaire kazini, lakini marafiki walimwita Léon kama zamani. Yakubu ndiye aliyemshonea abacost, ile suti isiyotaka tai, akamfichia na kitambi humo humo, basi mlango ulikuwa wazi kwake. Walipekua siku nane, vumbi hadi kwenye kope. Mchwa walikuwa wamewatangulia kusoma.

Siku ya tisa Léon aliinua gazeti moja, akamwita asogee.

"Papa Yakubu, kuya. Iko hapa, mwaka trente-deux, makumi tatu na mbili." Akamaliza kusoma kimoyomoyo, uso ukambadilika, akamsogezea kiti. "Bon. Ikala kwanza."

Ilikuwa mistari minane tu. Mwendawazimu mmoja amekamatwa katika mtaa wa Waislamu, akidai nyumba ya watu kuwa ni yake na mke wa mtu kuwa ni wake. Anajiita Asumani. Wakazi wanasema Asumani amekwisha kuliliwa, na mtu aliyeliliwa akirudi kutoka mtoni si yeye, ni kitu kilichovaa uso wake. Polisi, kwa kutaka haki, wamemleta binti wa marehemu, mwenye umri wa miaka kumi. Mtoto alimtazama vizuri, akasema hamjui, baba yake alikufa.

Yakubu aliomba asomewe tena. Hakuna kilichobadilika.

Kutoka hapo njia ilikuwa nyepesi, nyepesi mno. Daftari la nyumba ya wendawazimu lilikuwa kwenye rundo la chini. *Jamaa: hakuna, kwa ushahidi wa mtoto.* Kila mwaka mkono ule ule wa daktari uliandika: *Bado anadai lile jina.* Mwaka wa sita: *Ana nafuu. Hadai jina tena.* Baada ya miezi miwili akafa. Shimo la pamoja, bila alama.

Njiani kurudi Yakubu alilia waziwazi, watu wakimpisha. Hata hivyo alijipa moyo: mama alikuwa mtoto, ameogopeshwa na wakubwa, amekosea kama mtoto anavyokosea. Ataambiwa hivyo, atapumua.

Akaketi kando ya kitanda akamweleza yote, polepole.

"Shimo iko wapi?" Fatouma aliuliza.

"Hakuna mutu anajua, mama. Balishajenga juu yake." Akamshika mkono. "Ulikuwa mutoto. Balikuambia iko shetani, ukamuogopa. Haiko kosa yako."

Fatouma alitikisa kichwa.

"Mama alikuwa na mimba ya ule bwana mupya," alisema. "Nilisema mu roho: nikisema njo yeye baba, batamufukuza mama na aibu." Akameza mate. "Nilimujua, Yakubu. Tangu alikohoa inje ya mulango, nilimujua. Na yeye aliona namujua."

Akamgeukia mwanawe, akingoja neno. Yakubu alikuwa amekuja na msamaha wa mtoto aliyekosea. Msamaha mwingine hakuwa nao. Aliuachia ule mkono, akasimama, akasema anakwenda kuchota maji.