Mbwa wa Geti Machungani

Mbuzi watano walilazwa kando ya josho la kuogeshea mifugo, mapaja yameraruliwa, na aliyekuwa akiomba radhi ni Sostenes, mwenye mbuzi.

"Nisamehe, mtaalamu," alimwambia Vumilia mbele ya wafugaji wenzake, kofia mkononi. "Ulinielekeza vizuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kumlea yule mbwa."

Vumilia, afisa mifugo wa kata, alitazama chini. Miezi mitatu nyuma alisimama hapo hapo na picha zake za rangi, akiwapa somo. Kuna mbwa wa kuchunga, anayekimbiza kundi na kulikusanya. Kuna wa kulinda, anayelala na mbuzi tangu utotoni mpaka anajiona ndugu yao. Kuna wa kuwinda, kuna wa kunusa. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akamnyooshea kidole Waseme, mbwa jike wa Sostenes, mwenye mbavu za kuhesabika na sikio lililochanika.

"Na huyu je, wa kazi gani? Koko tu!"

Watu waliangua kicheko. Sostenes naye alicheka, ila kwa chini chini. Wiki ile ile akampeleka Waseme kwa shemeji yake anayeishi Maganzo, na Vumilia akamtafutia mbwa wa Kijerumani kwa mlinzi mmoja wa Kalangalala, mjini Geita. Mbwa wa maana, manyoya yanang'aa. Alizaliwa getini, akakulia getini, hajawahi kukaa na mbuzi hata siku moja. Vumilia alilijua hilo. Lakini alifanana na picha.

Leo asubuhi mbuzi walishtuka wakatimua mbio, na mbwa akafanya alichofundishwa: kukamata anayekimbia.

"Mbwa ana wazimu," alisema mzee Ndaki. "Apigwe rungu, yaishe. Mtaalamu hana kosa."

Mbwa, aliyefungwa kwenye nguzo, alimwona Vumilia akatikisa mkia.

Kunyamaza kulikuwa rahisi mno.

"Baba Mayala hajakosea," alisema Vumilia, akimwelekea Sostenes. "Huyu ni mbwa wa geti. Nilijua, nikamleta. Na yule mbwa wa kulinda mbuzi niliyewasimulia, mlikuwa naye. Ni Waseme. Mimi mbwa hao nimewasoma kwenye daftari tu."



"Waseme nilimlaza na mbuzi kabla hajafumbua macho," alisema Mama Mayala, mke wa Sostenes. "Ungeniuliza, mwanangu, ningekwambia."

Sostenes alivaa kofia yake, akaishusha mpaka kwenye nyusi. "Na mimi nikamcheka mbwa wangu mwenyewe," alisema. "Mbele za watu."

Maneno hayo yalimchoma Vumilia kuliko matusi. "Nitamfuata Waseme huko Maganzo leo hii."

"Nitakwenda mwenyewe. Waseme hakujui wewe."

"Na mbuzi waliobaki watachungwa na nani?" aliuliza Ndaki. "Na picha?"

Wakacheka, safari hii bila kujificha. Mama Mayala hakucheka. Alimwekea Vumilia fimbo mkononi.

"Huyo wa geti utamrudisha kwao kesho, hana kosa. Leo hatuna mbwa. Swaga."

Vumilia akaswaga. Mbuzi wawili wakakata kushoto, mmoja akarudi joshoni, naye akamkimbilia huku sketi ya ofisini ikinasa kwenye miiba, na kicheko kikimfuata mgongoni. Hakugeuka.