Njia ya Nne

Swalihu alirudi Zuzu kutoka Chemba saa tatu asubuhi, vumbi la barabara likiwa bado kwenye ndevu zake, akasikia ngoma zikidunda chumba cha uani. Chumba kile kilikuwa studio yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila yeye.

Akamkuta Bushiri, mdogo wake, ameinamia mashine ya kanda. Ilikuwa mashine kuukuu, kubwa kama sanduku la safari, yenye njia nne za kurekodia, kila njia ikibeba sauti yake peke yake. Swalihu aliitoa Kondoa ikiwa imekufa, akahangaika nayo miezi minane mpaka ikazunguka.

"Shikamoo, kaka. Hebu sikia sauti ilivyo nzito!"

Swalihu alikuwa anatazama kasha tupu la utepe mezani, lenye mwandiko wake mwenyewe: MAMA. Mama yao, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akiongoza kaswida kila maulidi, aliimba kwenye utepe ule muda mfupi kabla ya saratani ya koo kumnyamazisha. Nakala haikuwepo.

"Umerekodi juu ya utepe huu?"

"Ndiyo, lakini kaka..."

Swalihu alirudisha utepe nyuma, akabonyeza. Ngoma. Gitaa. Kinanda. Mama hayumo.

Akakamata stendi ya maikrofoni, ile yenye kitako cha chuma, akaishusha. Pigo la kwanza lilivunja bega. La pili lilikula taya, meno yakaruka ukutani. Bushiri akaanguka na kiti, akijikinga kwa mkono mmoja, akijaribu kusema kitu, na kitako kikatua jichoni mwake. Swalihu alihisi mfupa ukibonyea chini ya chuma, naye akainua tena.

"Unamuua! Swalihu, unamuua!"

Alikuwa Shamila, dada yao, ametoka kuosha vyombo. Alijitupa katikati, pigo likamkuta kifundo cha mkono, kikalia *ko*. Mlio huo ndio uliomsimamisha Swalihu.

Kutoka sakafuni, Bushiri alitema damu. "Ya nne," alisema. "Nimeizima tu. Nilikuwa nasikiliza vyombo kwanza."

Shamila akawasha swichi ya njia ya nne kwa mkono wake uliobaki mzima. Mama yao akaimba, na ngoma, gitaa na kinanda vikamfuata taratibu. Bushiri alikuwa amemtengenezea muziki kwa ajili ya kumbukumbu ya kifo chake. Tena Swalihu mwenyewe ndiye aliyemrekodi kwenye njia hiyo; hasira hazikumpa hata nafasi ya kukumbuka.

Alimbeba mdogo wake mikononi hadi kwenye gari la jirani yao Thobias. Hospitali walilitoa jicho la kushoto.

Wajomba walimsihi Bushiri afute kesi, yaishe kifamilia. Alikataa. Alisimama mahakamani na kitambaa usoni, akaeleza pigo kwa pigo, wala hakuongeza chumvi. Swalihu alikiri yote. Akafungwa miaka minne.

Mwaka wa pili, siku moja baada ya Idi, aliitwa kwenye wavu wa wageni. Bushiri alikuwa amekaa upande wa pili, akageuza kichwa chote ili amwone vizuri kwa jicho la kulia.

"Mdogo wangu," Swalihu alianza.

"Usiniombe msamaha leo," Bushiri alisema. "Sijafika huko. Shamila aliniambia unakohoa, nikaona nije nikuangalie."

Swalihu aliitika kwa kichwa. Wakakaa hivyo, wakiulizana habari za kifua na dawa, mpaka askari alipogonga meza.