Magari Mawili na Sikio la Jumbe

Pale gereji za Kariobangi, mwaka ule wa themanini na tatu, ukimwulizia fundi Jumbe watu walikuuliza Jumbe yupi. Ukisema Jumbe Sikio, ulipelekwa moja kwa moja. Hakuwa na kibao wala simu. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, ambayo aliisimamisha juu ya injini inayonguruma, akalaza sikio kwenye mpini, akafumba macho, kisha akakwambia ugonjwa wa gari lako na siku zilizobaki kabla halijakuacha njiani. Kwa jina hilo alikula, akasomesha, akaoza mabinti wawili. Taabu ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limekufa.

Halikufa siku moja. Alianza kulipoteza ujanani, kwenye karakana ya matangi ya chuma ambako yeye na marehemu Ochola waligonga ribiti, misumari ya kuunganishia mabamba, miaka kumi na minane, pamba masikioni hawakuwekewa wala wao hawakuiomba. Sasa masikio yote mawili yalibakiwa na mvumo tu, kama maji yanayochemka nyumba ya pili. Adhana hakuisikia; alijua wakati wa sala kwa kuona majirani zake wa mtaa wa Majengo wakitoka na kofia. Muhiba, mkewe wa miaka thelathini, alidhani mumewe ameingiwa na kiburi cha uzeeni. Alikuwa ameacha hata kumwita. Akiwa na la kusema alikuja mpaka mbele yake akalisema kwa hasira, na Jumbe alimshukuru Mungu kwa hasira hiyo, kwa sababu ilimfanya Muhiba afungue mdomo vizuri.

Ni rahisi kusema angeungama mapema. Angeungama kwa nani? Mganga aliyepofuka bado anaweza kutoa dawa, lakini Jumbe Sikio asiyesikia ni mzee tu aliyeshika bisibisi. Basi akajikaza. Alijifunza kusoma midomo, kupima mafuta kwa vidole, kunusa moshi, kuweka kiganja juu ya injini na kubahatisha. Mara nyingi alipatia, na jina likaendelea kumlisha.

Ndipo akaja Nahashon, mtoto wa Ochola. Alikuwa karani, ameoa, anakaa mtaa wa Jericho. Baba yake alipofariki, malipo yake ya uzeeni yaliangukia mikononi mwa Nahashon, na kila mtu mwenye mdomo alimwambia anunue shamba. Nahashon hakutaka shamba. Tangu utotoni, kila Pasaka, yeye na baba yake walikuwa wakienda kusimama kando ya barabara kutazama magari ya mashindano yakipita, wakarudi nyumbani wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanacheka. Alitaka gari la mbio. Pesa zilitosha moja tu, na zikishatoka hazirudi.

Alikuwa ameona mawili. La kwanza lilikuwa la Kiingereza, la zamani, viti viwili na paa la turubai, lenye taa za mviringo na usukani mwembamba. Zuri la kumliza mtu. La pili lilikuwa la Kijapani, jekundu, milango miwili, halijamaliza miaka mitano. Bei zilikaribiana. Nahashon alimwambia Jumbe kwamba hana baba tena wa kumwuliza, kwa hiyo atakalosema yeye ndilo.

Ijumaa alasiri magari yote mawili yakaletwa gereji. Norah, mke wa Nahashon, alikuja pia, akasimama pembeni na mkoba wake. Kiilu, fundi mwenzake Jumbe, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliacha kazi yake akaja kutazama, maana Jumbe akisikiliza gari ilikuwa kama sinema ya bure.

La zamani halikumsumbua. Kutu aliiona, mafuta yalikuwa meusi tititi, na mtetemeko wake hata maiti angeusikia. Alisema ni gari lenye heshima zake, lakini vipuri vyake mpaka viagizwe ng'ambo, na likikohoa litakaa chini miezi. Nahashon aliliangalia kwa huruma, akalipapasa mlango.

Jekundu likawashwa. Jumbe akasimamisha bisibisi, akalaza sikio, akafumba macho. Hakusikia kitu. Akasogeza bisibisi, akangoja. Kiganja kilimwambia kuna mtetemeko mdogo, basi. Akajiambia kwamba gari la miaka mitano litakuwa na nini, na kwamba akikaa sana watashangaa. Akafumbua macho.

"Nzima," akasema. "Chukua hii."

Hapo ndipo alipoiona sura ya Norah. Alikuwa amekunja uso, anaitazama injini, si mumewe. Mdomo wake ukaanza kusema kitu na Nahashon akamgusa mkono kumnyamazisha. Kiilu naye alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Jumbe akaingiwa na baridi. Alizima gari, akaaga haraka kwamba anawahi sala, ingawa sala ilikuwa bado.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla wengine hawajafungua, alimkalisha Kiilu mbele yake mahali penye mwanga, akamwuliza alisikia nini kwenye lile jekundu. Kiilu alikataa kuinua uso, na Jumbe ikabidi amwinue kidevu kwa mkono, jambo ambalo mtu mzima hafanyiwi.

"Inagonga, Mzee," Kiilu akasema. "Huko chini kabisa. Mimi nilisikia, lakini nikasema Mzee ameshasikia, ameona si kitu."

Wote walisikia, basi. Mpaka Norah, ambaye hajawahi kufungua boneti maishani mwake, alisikia. Na kila mmoja aliyatilia shaka masikio yake mazima kwa ajili ya sikio moja bovu. Jumbe aliona aibu kuliko aliyowahi kuiona katika umri wake wote. Injini inayogonga hivyo haimalizi mwezi; ingempasukia mtoto wa Ochola mikononi, na jasho lote la Ochola lingeishia kwenye chuma chakavu. Nahashon alikuwa amepanga kulipa saa sita mchana.

Alitembea mpaka Jericho. Aliwakuta sebuleni, Nahashon amevaa shati la kutokea, bahasha iko mezani. Jumbe hakukaa. Alisema gari jekundu ni bovu, na kwamba yeye ni kiziwi, mwaka wa nne huu, na kwamba jana alisema uongo.

Nahashon alitabasamu vibaya.

"Mzee, niambie ukweli. Yule mwenye hiyo ya zamani amekupatia kitu kidogo?"

Jumbe aliusoma mdomo ule neno kwa neno, akatamani macho nayo yangekuwa yamezibwa. Uongo wake uliaminiwa kwa kufumba macho tu, na ukweli uliomchuna ngozi unaonekana hongo. Alifikiri kuondoka. Alifikiri kwamba amekwisha sema, na asiyetaka kusikia shauri yake. Lakini ile bahasha ilikuwa pale mezani, na jina la Ochola limeandikwa juu yake kwa wino.

"Norah," akasema, "simama nyuma yangu. Sema lolote unalotaka. Mimi nitarudia."

Akageukia ukuta, akangoja. Alitazama kalenda iliyotundikwa pale, akaisoma miezi yote. Mvumo wa maji yake ulikuwa uleule. Hakujua kama Norah ameanza au anaona haya. Alipochoka aligeuka, akamkuta Norah ameziba mdomo kwa kanga, mlangoni jirani amechungulia, na Nahashon amesimama, tabasamu limemtoka lote.

"Ameniambia nini?" Jumbe akauliza.

Nahashon alimsogelea. Akafungua mdomo mpana, polepole, mishipa ya shingo imemtoka, kama mtu anayesema na mtoto mdogo. "AMEKUITA. MARA NNE."

Jumbe alitaka kumwambia hakuna haja ya kupiga kelele, kwamba taratibu tu inatosha, lakini aliona jirani bado yuko mlangoni, akanyamaza. Nahashon akaichukua bahasha, akaifungia kabatini, akasema kwa mdomo uleule mpana kwamba Jumatatu atamwita Kiilu alisikilize lile la zamani. Jumbe akasema ni vizuri, Kiilu ni fundi mzuri.

Kisha Norah akaja, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwongoza hatua tatu mpaka kwenye kiti, akimwonyesha meza asijigonge. Jumbe alikuwa anaiona meza. Akafuata.