Mikasi ya Wadudu wa Tumboni

...na kwa nini amuulize yeye, si aliulize sanduku lenyewe kama lina mdomo, Projestus anataka kusema hivyo na kucheka kama kawaida yake, lakini kicheko kinagoma, simu kaibana kati ya sikio na bega, kakaa upande kwenye pikipiki, na mbele yake, hatua sita tu, dirisha la zahanati ya kijijini kwao Nyakatuntu liko wazi, na ndani ya dirisha unaonekana mguu wa mama yake, mguu mmoja tu juu ya godoro la plastiki, haujatikisika tangu nesi Benadeta alipotundika dripu ya pili, na dada Joyness wa maabara ya mradi kule Kayanga anaendelea kuongea, maneno yanaingia nusu, "...yale makopo matatu ya choo ya mwanzo, Projestus... ulipotoka Nyakatuntu... sanduku lilifunguliwa njiani?" "Halo, dada, unakatika," anajibu, mwongo mkubwa, sauti inasikika kama ya mtu aliyempakia nyuma ya pikipiki, ila anahitaji dakika moja, dakika moja tu ya kutafuta neno, yeye ambaye hajawahi kukosa neno, mtu aliyeacha shule kidato cha pili kwa hiari yake, tuseme ukweli, shule ndiyo iliyomkosa yeye, leo hii hao waliomaliza wanapalilia kahawa na yeye anavaa fulana ya mradi na kubeba sanduku la baridi ambalo hata mtendaji wa kijiji hathubutu kuligusa... sanduku. Liko hapa nyuma ya mgongo wake, limefungwa na mpira, linamgusa kiunoni, baridi yake inapenya fulana. "Nasema nimerudia kupima," Joyness anasema, na akisema hivyo taratibu, bila kumtania, ujue kuna jambo, maana kwa kawaida humwita Profesa, alianza kumwita hivyo siku ile alipomkuta anasubiri sanduku tupu akamweleza kazi yao, na Projestus akaielewa papo hapo, hakuambiwa mara mbili, kwamba huyu mdudu wa tumboni ana kitabu chake ambacho hakitoi nje, anachofanya ni kunakili amri kwenye vikaratasi, vikaratasi hivyo ndivyo RNA, halafu ana vimeng'enya vyake, mikasi kabisa, ambavyo amri ikipitwa na wakati vinaikata vipande, na humo ndimo uhuni wake ulipo, akiwa kwenye maji ya kisima anaishi kipole, akishamezwa tu mikasi inakata amri za upole na zinaandikwa mpya, ng'ang'ania utumbo, tema sumu, chana, na ukimnyang'anya mikasi anabaki kama mwenyekiti wa kijiji mwenye amri mia mezani hajui afuate ipi, hilo la mwenyekiti ni lake Projestus, Joyness alicheka mpaka akavua miwani... lakini alisema na lingine siku ile, alisema mikasi haijui kwamba imetoka tumboni, mdogo wangu, choo kikishaingia kwenye kopo mikasi inaendelea, ikipata joto inakata kila kikaratasi, ukifika kwangu sina cha kusoma, ndiyo maana ya barafu, barafu inailaza mpaka nifike na dawa yangu ya kuizima. Alisema. Alilisikia. Na alilirudia neno kwa neno pale Rubwera njiani, kijiweni, jua la saa saba linapiga lami, baada ya Cleophace, mwendesha boda mwenzake mwenye domo refu kama yeye, kumwambia mbele ya watu, "Wewe unabeba mavi tu, mtu wa maabara gani?" Nani angevumilia? Akafungua sanduku. Mfuniko akauweka juu ya tangi la mafuta, vipande vya barafu akavipanga kwenye siti, akachukua kopo moja akaliinua juu ya vichwa vyao, akawasomesha, mikasi hivi, mikasi vile, wakanyamaza, hata Cleophace alinyamaza, mtu akamletea rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kikombe akanywa na mkono mwingine, nusu saa, labda na zaidi, na wakati wote huo, Mungu wangu, wakati anawasimulia mikasi, mikasi ilikuwa kazini, humo humo kwenye kopo, kwenye joto la kiganja chake, inakata na kukata. Barafu ilikuwa imelegea alipoirudisha. Kayanga, kwenye karatasi ya kupokelea, yeye mwenyewe aliandika baridi sawa, mwandiko mzuri kabisa. "We Projestus!" Nesi Benadeta katoa kichwa dirishani, glavu mikononi. "Choo cha mama yako kina damu sasa. Sanduku liko tayari? Barafu ipo?" "Ipo," anasema, na nesi anamwangalia kidogo zaidi ya inavyopasa, halafu kichwa kinarudi ndani, mguu uko vilevile. Damu. Juzi yalikuwa maji tu, mama akasema ni ndizi za jana, mama hakubali kuugua, mama ndiye aliyekaa mstari wa mbele Jumapili ile baada ya ibada, Projestus aliposimama kwenye ngazi ya kanisa na ripoti ya Joyness kichwani, ripoti iliyosema amri za sumu hazikuonekana, hayo tu, hazikuonekana, na yeye akapanua mikono, "Wadudu wa kisima chetu ni wapole! Nimewabeba mwenyewe! Acheni kumaliza kuni kuchemsha maji, mimi mtu wa maabara nawaambia!" na watu wakasitasita, ndipo mama akainuka na kitenge chake cha sikukuu, akachota kikombe kwenye ndoo ya wanakwaya, maji mabichi, akanywa mpaka tone la mwisho, polepole, macho kwake, akasema, "Mwanangu kasema." Wakapiga makofi. Alijisikia mrefu kuliko mnara wa simu... "Projestus, unanisikia sasa?" "Nakusikia, dada." "Basi sikiliza. Hata vikaratasi vya kawaida, vile ambavyo kila mdudu aliye hai lazima awe navyo, kwenye makopo yako vimekatwa vipande vipande. Maana yake hatukusoma kitu. Sio kwamba hao wadudu ni wapole, hatuwajui kabisa. Kama lilifunguliwa niambie, nifute ile ripoti sasa hivi, nimpigie bwana afya, watu wachemshe. Kama halikufunguliwa, basi dawa zangu ndizo mbovu, na kuzipima upya ni wiki nzima." Wiki nzima. Neno moja tu linatosha, halikufunguliwa, nani atabisha, Cleophace hana namba ya Joyness, dawa zitalaumiwa, dawa hazina mama wala jina, na fulana inabaki mwilini, na baada ya wiki ukweli utajitokeza wenyewe bila yeye kuwemo, wiki ni siku saba tu, tayari ulimi unagusa meno kulitamka... "Shikamoo, daktari!" ni Mukandekezi, jirani yao, mama mzima wa kumzaa yeye, anamwamkia kwa utani, katoka kisimani, dumu kichwani linatiririka shavuni, "Unajifanya hunioni? Kuni zangu siku hizi zinakaa mwezi, ubarikiwe!" anacheka, anapita, na mgongoni kwake mtoto kashika mfuniko wa dumu uliolowa, anaunyonya, anaunyonya kwa bidii yote, macho kwa Projestus. Siku saba. Kila siku mfuniko huo. Na ndani ya tumbo dogo lile, sasa hivi, labda tayari, mikasi inapita, inakata amri za upole moja baada ya nyingine, haina haraka, haimjui yeye wala haijawahi kumsikia akizungumza, na ni mara ya kwanza katika maisha yake kitu hakimsikilizi, hakichekeshwi, hakitishwi, hakiambiliki, na anaona jinsi alivyo mdogo juu ya pikipiki hii, kijana mwenye fulana... "Nililifungua," anasema. Sauti inatoka nyembamba, haifanani na yake. "Rubwera. Mchana. Nusu saa, zaidi, barafu nilizitoa. Nilikuwa najisifu, dada." Kule Kayanga kalamu inasikika ikikwaruza, inasimama. Hamtukani, angemtukana ingekuwa afadhali. "Na ripoti," Joyness anauliza, "ulimwambia nani?" Projestus anainua macho juu ya paa la zahanati, kwenye mlima wote wa migomba na nyumba zake, ni saa ya kuchemsha maji ya kunywa, saa ambayo kila jiko la Nyakatuntu lilikuwa linafuka, na asubuhi hii hewa ni safi, safi mpaka juu, hakuna hata uzi mmoja wa moshi. "Wote," anasema. "Niliwaambia wote."